Bidoni Kwenye Kiti cha Shemeji

Niliingia katika siasa kwa sababu fomu ilikuwa na mstari mtupu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuja nyumbani kwangu Katuba Jumapili moja akiwa na fomu ya kugombea ubunge wa jimbo na kalamu mbili, moja ya akiba. Wakati huo alikuwa anauza unga. Malori yake yalikuwa yakikwama mpakani Kasumbalesa wiki nzima na yeye akikwama nayo, na nadhani ni kule kwenye foleni ndiko alikojifunza kuongea bila kuvuta pumzi. Fomu ilitaka kila mgombea aandike jina la mbadala, yule tunayemwita suppléant, mtu wa kukalia kiti chake ikiwa mwenyewe atakufa, atajiuzulu au atapewa kazi isiyokwenda pamoja na ubunge.

"Shemeki," akaniambia huku akimega bukari yangu, ndio ugali wa kwetu, "suppléant ni muntu mwenye anapata kama weye unakufa. Ni muntu wa kuogopa. Lakini weye ukiniua, dada yako anabakia mujane, na ule mujane atakuya kukaa kwako na batoto yake yote sita. Njo ju ya ile niko nakuamini."

Nilikubali ili amalize kula aende. Nilikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, maana mimi ni mwalimu wa historia na elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari ya mtaani kwetu. Kwenye bango la kampeni uso wa shemeji ulitoka mkubwa kama sinia, na wangu ulikuwa kama kifungo cha shati, chini kabisa, karibu na kiwiko chake. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alilisogelea bango hilo akaniuliza, "Madamu, kale katoto ka pa kona ni kako?"

Shemeji alichaguliwa. Mimi nikaendelea kufundisha.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili nimelifundisha miaka mingi na siwezi kulipita bila chaki. Kwetu kila jimbo lina gavana, mawaziri na bunge lake, na mbunge akiteuliwa kuwa waziri hawezi kubaki mbunge. Bunge ndilo linalomchunguza waziri, na mtu hawezi kujichungulia mwenyewe dirishani. Kwa hiyo anaondoka kwenye kiti na mbadala wake anakaa. Lakini waziri huyo akiangushwa, anarudi kitini kwake kama mtu aliyekuwa ametoka kujisaidia, na mbadala anasimama. Ndiyo maana wabunge wetu wote wanautaka uwaziri: wakiupata wamepanda, wakiupoteza wanarudi pale pale walipokuwa. Anayeanguka kweli ni mbadala peke yake. Somo hilo nililifundisha kila mwaka, tena kwa sauti kubwa, na sikuwahi kuona kwamba linachekesha.

Gavana mpya alipoanza kuunda serikali yake, mji mzima ulishikwa na homa ya CV. Vyama vilitoa majina, na wenye majina wakatoa CV, na wasio na majina pia wakatoa CV. CV ya shemeji ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kwenye sehemu ya lugha aliandika Kifaransa, Kiswahili, Kibemba, na Kichina, halafu pembeni kwa herufi ndogo: salamu tu. Akaanza pia kuwa na mwenendo wa waziri. Alichelewa kila mahali, hata mezani kwake mwenyewe. Alinunua miwani wakati macho yake yanaona kuku aliye nyumba ya tatu, na tangu siku ile akawa anajikwaa kwenye kizingiti chake. Kila ndege ilipotua kutoka Kinshasa alikuwa uwanjani Luano na suti, tayari kumsalimia mkubwa yeyote atakayeshuka. Siku moja alimkumbatia kwa machozi bwana mmoja aliyekuja kutengeneza pampu za maji.

Nyumbani kwa dada kulifanyika kikao cha ukoo cha kugawana kazi katika ofisi ya waziri ambaye hajateuliwa. Baba mdogo wa shemeji alipewa itifaki kwa sababu ana viatu vyeupe. Binamu wawili walipigania kuendesha gari ambalo hakuna aliyeliona, na mpaka leo hawasalimiani. Mimi nilikuwa nakula karanga. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku hiyo mbele yao alikuwa ameketi mtu ambaye angepata kazi kweli, na nakiri hata mimi nilikumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nilisimama barabarani nikasema, "Ee Mungu wangu." Njia iliyobaki niliitembea haraka kama msichana.

Orodha ilisomwa redioni Jumanne saa nne asubuhi. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikaenda kwa dada. Uani watu walikuwa wamejaa, na wanawake wote wameshika makopo ya poda ya watoto, maana kwetu mtu akifaulu mtihani, akizaa au akipata cheo, anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe. Shemeji aliketi katikati kwenye kiti cha plastiki, suti nyeusi, miwani usoni. Serikali ya jimbo ina mawaziri kumi. Msomaji alifika kwenye jina la kwanza, akakohoa kabla ya kulisoma.

Shangazi wa shemeji hakungoja kikohozi kiishe. "Ni yeye! Mwaga!"

"Bado, mama! Bado!" dada akapiga kelele, lakini wapi. Makopo matano yalikwisha kwa mara moja. Jina la kwanza likawa la mwingine, la pili likapita, la tatu, la nne, na shemeji yuko pale mweupe kama mkate, hawezi kujifuta kwa kuogopa mkosi, hawezi kufurahi kwa kukosa sababu. Jina la sita likapita. Chozi moja lilimchora mstari shavuni. Nilimwonea huruma na wakati huo huo nilikuwa nimeuma ukingo wa kitenge changu ili nisicheke. Jina lake lilitoka la tisa: waziri wa barabara, madaraja na mitaro. Hakusimama. Nadhani alikuwa amekwisha kujizoesha kushindwa.

Watu waliporuka na kupiga vigelegele, dada alinitafuta kwa macho. "Mudogo wangu, na weye uko Honorable!" Poda ilikuwa imekwisha. Akaingia jikoni, akatoka na bakuli la unga wa mahindi, akanimwagia. Kwa hiyo ubunge wangu mimi ulianza kwa unga wa bukari, na nywele zangu zilinipa taabu siku tatu.

Jioni ile shemeji aliniita pembeni, tayari ameoga.

"Shemeki, usikie muzuri. Kile kiti ni yangu. Weye uko bidon yangu."

Inabidi nieleze. Mtaani kwetu bomba ni moja na maji yanakuja yanapotaka. Kwa hiyo unaweka bidoni yako, dumu la maji, kwenye foleni, unakwenda sokoni, unapika, unarudi, na nafasi yako ipo, kwa sababu bidoni imekushikia. Hakuna anayegombana na bidoni, na hakuna anayeiuliza maoni yake.

"Bidon haisemaka," akamalizia, akanipigapiga bega.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Mimi nasema mbele ya wanafunzi hamsini tangu asubuhi mpaka mchana, na baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniambia ninyamaze. Lakini nililamba unga mdomoni nikasema sawa, kwa sababu nilikitaka kile kiti. Nalisema wazi, nilikitaka.

Kiti chenyewe kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa shemeji. Nilipokaa, nilizama mpaka kidevu kikagusa meza. Dada alinishonea mto wa kukalia, wa kitambaa cha waridi jekundu, na juu ya mto huo, miguu isifike chini, nilikaa miezi kadhaa nikishika nafasi. Niliinua mkono wakati wengine wanainua. Nilijifunza kulala nikiwa na uso wa mtu anayefikiri. Asubuhi zisizokuwa na kikao nilikwenda shuleni kusaidia, maana aliyekuwa akinishikia masomo yangu alikuwa bwana mmoja wa hesabu, na historia kwake ilikuwa orodha ya tarehe tu.

Halafu mvua zikaanza.

Mbele ya shule yetu kuna mtaro ambao uliziba zamani sana. Mvua ikinyesha, kila kitu cha mtaa kinakuja kwetu. Mkuu wa shule ana rafu nzima ya kandambili zilizoletwa na maji, na wazazi wanakuja kuchagua zao. Mwaka huo maji yalipanda mpaka ndani ya madarasa. Siku moja nikiwa darasani, bata aliingia akiogelea, akapita kati ya madawati, akafika mbele, akageuka kututazama. Wanafunzi walicheka mpaka kengele. Lakini wale wa mstari wa mbele walikuwa wamekaa juu ya madawati na viatu mkononi, na wiki iliyofuata theluthi yao hawakuja kwa sababu ya homa na kuharisha. Hapo sikucheka.

Mkuu wa shule, mzee mwenye adabu sana, alinivizia mlangoni. "Madamu Honorable," akasema, "batoto beko mu mayi. Na waziri wa mitaro ni shemeki yako. Tutaita nani mwengine?"

Nilianza kwa njia ya kifamilia. Jumapili, mezani kwa dada, niliuliza habari ya mtaro. Shemeji alitafuna, akameza, akasema, "Dosié iko naenda. Iko naenda muzuri." Jumapili iliyofuata dosié, faili la maombi ya shule, ilikuwa bado inaenda. Ya tatu ilikuwa imeenda mbali sana na iko karibu kufika. Ya nne dada alileta sufuria ya bukari kutoka motoni, akaiweka mezani, na chini ya sufuria niliona jalada la karatasi ngumu lenye maandishi ya mkono ninayoyajua. Yalikuwa ya mkuu wa shule. Niliinua sufuria. Ilikuwa ndiyo dosié ya mtaro wetu, na juu yake kulikuwa na duara jeusi la masizi. Si moja. Kila chakula kilikuwa kimeacha duara lake.

"Ile karatasi iko nguvu," dada akasema kwa nia njema kabisa. "Haichomaki meza."

Niliikunja nikaitia ndani ya mkoba. Shemeji hakuona, alikuwa amevaa miwani.

Mbunge ana haki ya kumwita waziri aje kujibu swali mbele ya wote. Niliandika swali langu kwa mwandiko wa ubaoni, nikalipeleka. Siku ya kikao shemeji aliingia na watu wake, baba mdogo mbele kwa viatu vyeupe. Nilimwita Excellence. Yeye aliniita Honorable Député, na alilitamka neno hilo kana kwamba lina mfupa. Alijibu kwa Kifaransa kirefu sana, chenye miradi, awamu, na mtazamo wa mbele. Mtaro wenyewe haukutajwa. Alipomaliza alikaa akanitazama, na nilijua anachosema moyoni: bidoni, nyamaza.

Nilisimama. Kwa kuwa miguu haikufika chini, kwanza niliruka kutoka kwenye mto wangu kama chura, na baadhi yao wakacheka. Halafu nikaitoa dosié, nikaionyesha pande zote, pamoja na maduara yake yote.

"Excellence anasema dosié iko naenda," nikasema, na Kifaransa changu kilikuwa kimenikimbia chote. "Ni kweli, iko naenda. Iko natoka pa meza, inaenda chini ya nyungu, inarudia pa meza."

Ukumbi ulilipuka. Spika alipiga meza mpaka nyundo yake ikatoka kichwa. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na sikuwaza lolote litakalofuata.

Walionizidi kuwaza ni wenzangu. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamesaini hoja ya kumwondoa shemeji, na nyuso zao zilikuwa na upole ambao sijawahi kuuona kwao. Kila mmoja alikuwa na CV yake kwenye mkoba. Nafasi moja ya uwaziri ikiwa wazi, mmoja wao atapanda. Walinipongeza, wakanishika mikono miwili. Sheria inataka siku mbili zipite kabla ya kupiga kura, na ndani ya siku hizo mbili ndipo nilipolikumbuka somo langu mwenyewe: shemeji akiondolewa uwaziri, anarudi kwenye kiti. Na kwenye kiti nipo mimi.

Dada alikuja nyumbani bila kubisha. Hakukaa.

"Mudogo wangu, uko naangusha bwana yangu, na weye mwenyewe uko najiangusha. Ile ni akili ya wapi?"

 Nilimtuma amwambie shemeji apeleke wafanyakazi kwenye mtaro, na mimi nitapiga kura ya kumbakiza. Jibu lilirudi kupitia baba mdogo wa viatu vyeupe: kura kwanza, mtaro baadaye, dosié iko naenda. Niliposikia hivyo nilikwenda nikakaa jikoni peke yangu. Nilikuwa nimeuzoea mto wangu. Nilikuwa nimezoea mlinzi wa mlangoni kunipigia saluti, na nilikuwa nimeanza kujua nani anamwogopa nani, na wapi pa kusukuma ili jambo lisogee. Mwaka mmoja zaidi na ningefanya kitu. Nilijiambia hivyo, halafu nikajisikia nikisema "iko naenda" kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikaona aibu.

Kura ilikuwa ya siri. Niliandika ndiyo, aondoke. Shemeji aliangushwa kwa wingi mkubwa, na hata bila karatasi yangu angeanguka vile vile, kwa hiyo nilivunja amani ya nyumba kwa kura ambayo haikuhitajika. Dada aliponiuliza niliandika nini, nilimwambia ukweli. Hakusema nami wiki tatu. Nilikula Jumapili peke yangu, na bukari ya mtu mmoja haina ladha.

Shemeji alirudi kwenye kiti chake. Mimi nilirudi darasani na mto wangu chini ya kwapa, na wanafunzi walisimama wote kunipokea. Niliwaambia wakae, nikauliza ni tarehe gani hii mmeandika ubaoni.

Siku chache baadaye, wakati wa mapumziko, mkuu wa shule alikuja mbio na redio yake ndogo. Bunge lilikuwa likirushwa. Nilisikia sauti ya shemeji. Alikuwa amemwita waziri mpya, na alikuwa anauliza juu ya mtaro. Aliuliza swali langu, neno kwa neno, mpaka bata. Aliongea juu ya bata yule kama vile alimlea. Alisema yeye mwenyewe aliwabeba watoto mgongoni kuvuka maji, na sauti ilimkatika, na nadhani alilia kweli, kwa sababu kwa shemeji mahali anapokaa ndipo moyo wake unapokaa. Walimu walikuwa wameshika matumbo. Nami nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta, halafu nikaona macho yangu yamelowa kwa jambo lingine, nikatoka nje kuangalia maji.

Waziri mpya alijibu kwamba dosié iko naenda. Lakini alikuwa ameona aliyemtangulia alivyoangushwa na sufuria, na mvua hazijaisha tulikwishaona katapila mbele ya shule. Mtaro ulizibuliwa. Bata hajarudi, na mkuu wa shule ana rafu ambayo hajui aitie nini.

Jumapili ya nne dada alituma neno nije kula. Nilikwenda na mboga. Tulikula, na chini ya sufuria safari hii kulikuwa na kipande cha mbao. Tulipomaliza, shemeji alivua miwani, akatoa daftari na kalamu zake mbili.

"Shemeki," akasema akitazama daftari, "uko na question ingine?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nazo nne, nikamsomea polepole, kama imla, na alipokosea nilimrudisha. Tangu hapo kila Jumapili ni hivyo. Jumatatu anazisema bungeni kwa machozi, na watu wanasema mbunge yule ana akili sana.

Wiki iliyopita zilianza fununu kwamba gavana atabadilisha mawaziri. Nilipofika kwa dada nilimkuta shemeji amevaa miwani tena, na paji la uso lina nundu mbichi ya kizingiti. CV yake sasa ina kurasa kumi na tatu. Dada alinong'ona kwamba amekwisha kununua makopo mawili ya poda, na kwamba safari hii shangazi atawekwa mbali na redio.

Makopo mawili ni ya shemeji. Najua yatakavyokwisha. Jana baada ya masomo nilipita sokoni, nikanunua kopo langu mwenyewe, lile kubwa, na nimeliweka juu ya kabati, pamoja na mto.